Mgeni Anunue Wapi? Historia ya Masoko ya Dar es Salaam na Pembezoni Mwake

Mgeni afikapo Dar es Salaam na kuuliza mahali pa kununua khanga, ataambiwa aende Kariakoo. Akiuliza sufuria, kitabu, cherehani au dawa ya mifugo, ataelekezwa huko huko. Jibu hilo ni sahihi, na wenyeji hulitoa bila kufikiri. Hata hivyo limebeba historia ndefu ambayo wengi wetu twaikanyaga kila siku bila kuitambua. Katika insha hii nakusudia kueleza jinsi masoko ya mji huu yalivyozaliwa, yalivyohama na yalivyokua. Tutaona kwamba, katika kila zama, swali la mahali pa kununua lilikuwa pia swali la nani mwenye haki ya kuwa mjini.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe, maana lugha ni ghala la historia. Neno *soko* na neno *bei* yametufikia kutoka Kiarabu. Neno *duka* lilikuja na wafanyabiashara wa Bara Hindi. Neno *hela*, ambalo hata mtoto wa chekechea hulitamka, ni jina la sarafu ya Kijerumani, Heller, iliyoanza kutumika katika koloni hili mwaka 1904. *Shilingi* tulipewa na Waingereza mwaka 1921, na ilipofika mwaka 1966 Tanzania ikawa na shilingi yake yenyewe. Lakini kabla ya hayo yote palikuwa na *gulio*, neno lenye mzizi wa kitenzi cha Kibantu *kugula*, yaani kununua. Basi mtu asemaye sokoni, "Sina hela, nipunguzie bei," ametaja wageni wawili kwa pumzi moja, wala hajahisi kwamba ametoka nje ya Kiswahili.

Hapa palipo na jiji leo palikuwa na kijiji cha Mzizima, makazi ya Wazaramo na Washomvi waliokuwa wakilima na kuvua. Biashara kubwa ya pwani hii haikuwa hapa. Ilikuwa Bagamoyo, ambako misafara kutoka bara ilishusha pembe za ndovu na kupakia vitambaa na shanga. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliipenda bandari hii iliyojificha, akaanza kujenga mji, akauita Dar es Salaam. Alipofariki mwaka 1870 kazi ilisimama, na majengo yake mengi yakaachiwa popo na magugu. Wajerumani walifika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamisha makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo kuja hapa.

Tangu hapo mji ulianza kukatwa vipande. Sheria ya ujenzi ya mwaka 1891, na taratibu zilizofuata chini ya Wajerumani na baadaye Waingereza, ziligawa mji katika sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya majumba ya mtindo wa Kizungu, karibu na bahari. Ya pili ilikuwa ya maduka na makazi ya wafanyabiashara, nayo ikajulikana kuwa Uhindini. Ya tatu ilikuwa ya nyumba za udongo na makuti, yaani ya Waafrika. Sheria ilitaja aina ya majengo, haikutaja rangi ya mtu. Lakini kwa kuwa waliomudu kujenga kwa mawe walijulikana, na wasiomudu walijulikana vile vile, ukuta ulijengeka pasipo tofali. Kati ya Uhindini na sehemu ya Waafrika paliachwa uwanja mtupu, na uwanja huo ndio Mnazi Mmoja wa leo.

Kwa hiyo katika zama hizo swali letu lilikuwa na majibu matatu. Mzungu alinunua katika maduka ya barabara iliyoitwa kwa jina la miti ya akasia, ambayo baada ya Uhuru ilibadilishwa jina na leo ni Barabara ya Samora. Mhindi alinunua na kuuza Uhindini. Mwafrika alivuka Mnazi Mmoja kwenda kununua kitambaa na mafuta ya taa Uhindini, kisha akarudi kwake kununua muhogo, nazi na dagaa kwa mafungu. Mwenye fedha kidogo alipimiwa kwa kibaba na pishi, na mwenye fedha kidogo zaidi alipewa fungu. Fungu lilikuwa kipimo cha heshima kwa maskini, kwa kuwa halikumlazimisha kutaja uzito asioweza kuulipia.

Sasa tufike Kariakoo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga jengo kubwa katika eneo lililopangwa kuwa makazi ya Waafrika. Vita vikazuka mwaka 1914. Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916, waliliweka hapo jeshi lao la wapagazi, lililoitwa Carrier Corps. Ndimi za wenyeji zikalilainisha jina hilo likawa Kariakoo. Nairobi nako, pale walipopiga kambi wapagazi wa vita hivyo hivyo, pana soko na mtaa uitwao Kariokor. Miji miwili, nchi mbili, na jina moja la mzigo.

Inafaa tukumbuke wapagazi hao walikuwa akina nani. Walikuwa vijana waliochukuliwa vijijini, wengi wao kwa nguvu, ili wabebe risasi, unga na majeruhi katika nchi isiyo na barabara, ambamo mbung'o waliua punda na farasi. Makumi ya maelfu kati yao walikufa, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Makaburi yao mengi hayajulikani. Lakini mtazame mgeni anayetafuta viatu Kariakoo: atapita Mtaa wa Narung'ombe, Mtaa wa Tandamti na Mtaa wa Mahiwa. Narung'ombe, Tandamuti na Mahiwa ni mahali pa mapigano makali yaliyotokea kusini mwa nchi yetu mwaka 1917. Mitaa hiyo ni ukurasa wa vita uliotandazwa chini ya miguu ya wanunuzi, na walio wengi wanaufuta kwa nyayo bila kuusoma.

Baada ya vita, mwanzoni mwa miaka ya 1920, jengo lile likafanywa soko. Pembeni yake zikajengwa nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba kushoto na kulia, uani pakiwa na jiko na kisima. Kila alfajiri Wazaramo waliteremka kutoka Pugu na Kisarawe wakiwa na mkaa, muhogo, machungwa na maembe. Mji ulilishwa na vijiji vyake, nao ukavilipa senti chache. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, vyakula na nguo vilipoadimika, serikali ya kikoloni ilianzisha mgao, na mgao huo ulifuata rangi. Mzungu, Mhindi na Mwafrika hawakukadiriwa sawa, kana kwamba matumbo yao yaliumbwa kwa vipimo tofauti.

Si ajabu, basi, kwamba siasa ya kudai Uhuru ilistawi jirani na soko. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ulioitwa New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo na mkabala wa Mnazi Mmoja. Uwanja ule ulioachwa mtupu ili kuwatenga watu ndio uliokuja kuwakusanya. Habari za chama zilisafiri kama zisafirivyo habari zote sokoni: mchuuzi alimwambia mnunuzi, mnunuzi akazipeleka nyumbani pamoja na kapu lake. Kwa msomaji wa historia hapo pana funzo, kwamba soko halikuuza bidhaa peke yake.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, swali la mahali pa kununua lilipewa jibu jipya. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara kubwa ya jumla na ya nje iliwekwa chini ya umma, na likaundwa Shirika la Biashara la Taifa. Nia ilikuwa kwamba mkulima wa Tunduru na karani wa Dar es Salaam wauziwe sabuni kwa bei ya haki. Katika moyo huo huo likaamuliwa kujenga soko jipya la Kariakoo. Kazi ya kulichora alipewa Mtanzania, msanifu majengo Beda Amuli. Jengo lilikamilika na kufunguliwa mwaka 1975.

Amuli hakuiga mabanda ya Ulaya. Alitazama jinsi watu wetu wanavyokutana kuuziana chini ya miti, akasimamisha nguzo zilizochanua juu mfano wa miavuli mikubwa ya zege. Kati ya mwavuli na mwavuli mwanga hupenya na upepo hupita. Maji ya mvua hukusanywa na miavuli hiyo na kushuka katika matangi yaliyo chini. Hivyo mchuuzi wa mchicha, ambaye kwa miaka mingi alikaa juani, alijengewa kivuli chenye hadhi ya jumba la taifa. Wanafunzi wanaodhani kwamba ufundi mkubwa hutoka ng'ambo tu, wapelekwe wakatazame.

Lakini historia ikisimuliwa kwa upande mmoja huwa sifa, na sifa hazifundishi. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Mengi ya maduka hayo mapya hayakuwa tayari, na baadhi ya wananchi walitembea maili nyingi kutafuta chumvi. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na upungufu wa fedha za kigeni viliongeza dhiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mkazi wa Dar es Salaam aliuliza, "Leo foleni iko wapi?" na kwa kuuliza hivyo alikuwa ameuliza mahali pa kununua. Watu walijipanga kwanza, ndipo wakauliza kinachouzwa. Ulanguzi ukashamiri, na mwaka 1983 serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ikaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Wapo walioficha sukari na vitenge kwa tamaa, na wapo pia wachuuzi wadogo waliotupa bidhaa zao baharini na vichakani kwa hofu. Haki humtaka mwandishi awakumbuke wote wawili.

Mwaka 1984 mlango ulifunguliwa kidogo: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje. Baadaye mlango ukafunguliwa zaidi. Nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani zikaanza kumiminika, na watu wakaziita *mitumba*. Msomaji atambue kwamba neno hili si geni. Zamani *mtumba* ulikuwa robota la nguo alilobeba mpagazi katika msafara. Mzigo uliokwenda bara begani ukarudi mjini ndani ya meli, ukapata makao kando ya Uwanja wa Karume, Ilala, na katika vituo vingi vya mabasi. Wakazuka na vijana wa kutembeza bidhaa mkononi, wanaoitwa *wamachinga*. Yasemekana jina hilo limetokana na Machinga, mkoani Lindi, kwa kuwa wengi wa vijana wa mwanzo walitoka kusini. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Machinga ameikosoa methali hiyo: kwa asiye na duka, hata kizuri hakina budi kutembezwa.

Kariakoo nayo ikabadilika. Nyumba za Kiswahili zilibomolewa moja baada ya moja, zikasimama ghorofa ndefu zenye maduka chini na maghala juu. Wafanyabiashara kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro huja hapa kununua kwa jumla, na wengi wao huzungumza na wenyeji kwa Kiswahili. Mtaa wa Kongo umejaa nguo na viatu. Katika Mtaa wa Uhuru, uliokuwa ukiitwa Kichwele, khanga na vitenge vimeuzwa kwa vizazi kadhaa. Mgeni anayetaka khanga asiinunue kwa rangi tu. Asome jina lililoandikwa juu yake, kwa kuwa khanga ni barua, na mtu asiyesoma barua aweza kujikuta amempelekea mama mkwe wake matusi.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba Kariakoo ndiyo yote. Jiji hili, ambalo katika sensa ya mwaka 2022 lilikutwa na watu zaidi ya milioni 5, halilishwi na soko moja. Nafaka hununuliwa Tandale. Ndizi za mikungu hushushwa Mabibo, mahali ambapo kwa mzaha wa wenyeji pameitwa Mahakama ya Ndizi. Ng'ombe huletwa mnadani Pugu. Feri, karibu na kivuko cha Kigamboni, samaki hunadiwa tangu alfajiri: dalali hutaja bei kwa sauti, wachuuzi na wakaanga samaki hupandishana, na pweza wa bahari ya usiku huwa kitoweo cha mchana. Anayetaka kuona jinsi bei inavyozaliwa, na akaondoka na kitoweo kibichi, afike huko mapema.

Kwa anayetafuta kumbukumbu ya safari, ziko kazi za sanaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kijana wa Tunduru, Edward Saidi Tingatinga, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya mbao, akaviuza Oysterbay kwa wapita njia. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake walikwisha kuishika kazi, na hadi leo wachoraji wa mtindo wake wana kituo chao upande huo huo wa mji. Wachongaji wa vinyago, wengi wao Wamakonde, wana soko lao Mwenge, ambapo mgeni aweza kumwona fundi akiutoa mpingo umbo kwa tezo na patasi. Kununua kwa mkono uliokifanya kitu ni bora, kwa sababu fedha yote humfikia aliyetoka jasho, na mnunuzi hupata maelezo ambayo duka la kioo haliwezi kumpa.

Na atokaye nje ya jiji asirudi mikono mitupu. Njia ya kaskazini itamfikisha Bagamoyo, mji mzee kuliko Dar es Salaam, penye samaki na kazi za wachongaji. Mananasi ya Kiwangwa yamo katika wilaya hiyo hiyo. Njia ya kusini itampitisha Mkuranga penye korosho na nazi, kisha Rufiji kwenye mikeka ya ukindu iliyosukwa kwa subira. Vijiji hivi ndivyo vilivyoulisha mji tangu enzi ya Mzizima. Anayenunua kandokando ya barabara huulipa mji deni lake, japo kwa senti.

Tukija katika miaka ya karibuni, tutaona kwamba swali letu la zamani halijafa. Mwaka 2006 lilifunguliwa jumba la maduka la Mlimani City, na baada yake yakafuata mengine. Huko bei imebandikwa na hakuna kupatana. Hakuna sheria inayomzuia mtu kuingia kwa rangi yake, na hilo ni tunda la Uhuru tusilolidharau. Kinachochagua sasa ni mfuko. Kwa upande mwingine, usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya Amuli, na serikali ikatenga fedha za kulijenga upya. Mwezi Januari 2022 soko la mitumba la Karume nalo liliteketea. Kati ya mioto hiyo miwili, mwezi Oktoba 2021, wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara ili wahamie maeneo waliyotengewa.

Barabara zinahitaji kupitika, na mwenye duka anayelipa kodi ana haki ya mlango wake kuonekana. Hayo hayana ubishi. Lakini historia tuliyoipitia yatuonya jambo moja. Kila mara soko lilipowekwa mahali ambapo watu hawapiti, watu walilihamisha kwa miguu yao. Mkoloni alipanga sehemu tatu, na miguu ikavuka Mnazi Mmoja. Bidhaa zilipopangiwa duka moja, miguu ikafuata foleni na ulanguzi. Mpangaji wa mji mwenye busara huanza kwa kuhesabu nyayo, ndipo achore ramani. Amuli alifanya hivyo alipoutazama mti na watu waliokaa chini yake.

Kwa walimu wenzetu wa historia, somo hili halihitaji vifaa vya gharama. Mpeleke mwanafunzi katika soko lolote lililo karibu, liwe la jiji au gulio la kijijini, akaulize maswali matatu: bidhaa hii imetoka wapi, nani ameibeba, na nani anaruhusiwa kuiuza hapa? Akipata majibu, atakuwa ameigusa historia ya taifa lake kwa mkono. Na mgeni wetu aliyeuliza mahali pa kununua, tumwelekeze Kariakoo kama kawaida, ila tumweleze pia kwamba jina hilo ni la watu waliobeba mizigo ya vita visivyo vyao, ambao wengi wao hawakurudi nyumbani.